Ngumi ya Mchungaji (Sehemu ya Tatu)

ILIPOISHIA

San Juan, Puerto Rico, Machi 17, 1977. George Foreman, aliyevuliwa ubingwa wa dunia na Muhammad Ali kule Kinshasa mwaka 1974, ameshindwa tena, safari hii na Jimmy Young. Katika chumba cha kubadilishia nguo mwili unamwaka moto, anahisi mauti yamemkalia kifuani. Ghafla anaanza kulitaja jina la Yesu kwa sauti. Watu wake wanatazamana: bosi amerukwa na akili?

SASA ENDELEA...

Akili zilikuwa timamu. Alitundika glovu akiwa na miaka 28, akarudi Texas, akaanza kuhubiri kwenye kona za barabara za Houston. Wapita njia walisimama, wakamkazia macho. Huyu si yule aliyemdondosha Joe Frazier mara sita ndani ya raundi mbili? Ndiye. Ila kichwa amenyoa, na lile jicho lililowagandisha wapinzani kabla ya kengele halipo tena. Badala yake kuna tabasamu.

Mwaka 1978 akawekwa wakfu kuwa mchungaji. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba kwa miaka kumi hakukunja ngumi.

Lakini kuna usiku mmoja ambao hakuusahau. Alikuwa kijana wa Fifth Ward, mtaa wa maskini wa Houston, mkwapuaji wa pesa za watu. Polisi walipomkimbiza alijipenyeza chini ya nyumba, akajipaka matope mwili mzima ili mbwa wasimnuse. Pale, amelala kifudifudi, tope likimkaukia usoni, ndipo alipokiri moyoni: mimi ni mwizi.

Kilichomtoa kwenye tope lile ni mpango wa serikali wa kuwafundisha kazi vijana waliokosa shule. Huko ndiko alikovaa glovu. Basi kila alipomwona kijana amezubaa barabarani, alilinusa tope lile.

Mwaka 1984 akafungua kituo cha vijana: uwanja wa kikapu, vyuma vya kunyanyua, ulingo wa ngumi. Mchungaji akawa kocha. Waliokuja kujifunza kupiga walikuta kwanza mtu wa kuwasikiliza.

Vijana wakajaa, pesa zikaisha. Akiba ya ubingwa ikayeyuka kama sukari kwenye chai.

Siku moja akaalikwa kuhubiri Georgia. Alipomaliza, mwenyeji akasimama kumwombea mchango wa kituo chake. Sadaka ikapitishwa mara ya kwanza. Haikutosha. Waumini wakahimizwa tena, na tena, huku bingwa wa zamani amekaa mbele, macho chini, jitu zima linachangiwa visenti kwa ajili ya watoto. Aibu ikampanda hadi masikioni.

Akaapa: hii ndiyo mara ya mwisho. Anajua pesa zinakopatikana. Atarudi ulingoni, na atautwaa ubingwa wa dunia.

Waliosikia walicheka. Mhubiri mwenye kitambi, miaka kumi nje ya ulingo, apigane na vijana? Wengine walimwonea huruma, wakikumbuka Kinshasa. Yeye akaingia barabarani na kukimbia, maili baada ya maili.

Machi 9, 1987, Sacramento, California. Mizani inasoma kilo 121, takriban 21 zaidi ya zile alizopanda nazo Kinshasa. Kona ya pili amesimama Steve Zouski, na hajaja kusikiliza mahubiri.

Foreman hahofii kupigwa; kupigwa anakujua. Swali ni jingine. Yule George wa zamani alipiga kwa chuki, na chuki ile aliiacha San Juan. Sasa atapiga kwa nini? Na je, akikunja ngumi, yule wa zamani hatarudi nayo?

Kengele ikalia. Mchungaji akatoka konani, akakunja ngumi ya kulia, akaivuta nyuma...

ITAENDELEA WIKI IJAYO