Karatasi za Kavimvira

Mtu wa Uvira, mashariki mwa Kongo, aliyekwenda Usumbura mwaka 1955 hakubadilisha hela njiani. Faranga ya Kongo ya Wabelgiji ndiyo iliyotumika Ruanda-Urundi pia, benki kuu ilikuwa moja, na tangu sheria ya 21 Agosti 1925 nchi hizo zilikuwa chini ya gavana mkuu mmoja aliyekaa Léopoldville, naibu wake akiwa Usumbura. Baba yangu alivuka hivyo akiwa kijana, ndagala wakavu kichwani. Alichodaiwa na askari ni karatasi ya kumruhusu kutoka kwa chifu wake, maana Mwafrika aliyetaka kukaa nje ya eneo la chifu wake zaidi ya siku 30 ilimpasa kuwa na kibali. Mkoloni alimfunga mtu kwa chifu wake. Mto Rusizi wenyewe, wa mpakani, haukumsumbua.

Huko Usumbura alifikia Buyenzi, mtaa wa Waswahili, ambako watu wa ufuko wetu wa ziwa walikuwa wengi. Ndiko alikompata mama yangu, Mrundi. Alipomleta Uvira, safari ya chini ya kilomita 30, hakuna aliyesema ameleta mgeni. Walisema ameleta mke.

Ugeni wa mama ulikuja baadaye, yeye akiwa hajahama. Kongo ilijitawala tarehe 30 Juni 1960, Burundi tarehe 1 Julai 1962. Kila nchi ikapata hela yake, forodha yake na bendera yake. Kuanzia hapo gunia la chumvi lilikuwa na bei mbili, moja Bujumbura, ndiyo Usumbura ya zamani, na nyingine Uvira, na tofauti ya bei hizo ndiyo iliyowalisha watu wengi wa mji wetu. Mama aliuza mawese ya Fizi ng'ambo, akarudi na sabuni na chumvi. Kwa hela hiyo nilisoma hadi nikawa mwalimu wa historia.

Nafundisha wanafunzi wangu kuwa sera ya wageni haianzi wala haiishii barierini. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni vitakabidhiwa Wazairwa, kama raia wa Kongo walivyoitwa wakati huo. Kwenye miji ya mashariki maduka mengi yalikuwa ya Wagiriki na Wahindi. Wapya waliokabidhiwa, wengi wao watu wa karibu na wakubwa wa chama, waliuza kilichokuwa kwenye rafu, na hawakuwa na mkopo wala mtu wa kuwaletea shehena nyingine. Nakumbuka rafu tupu zenye vumbi, na mama akiagizwa sabuni ng'ambo na majirani mtaa mzima. Mwaka 1976 serikali ilianza kuwarudishia wenyewe mali zao, lakini wengi hawakurudi tena. Hazina ya nchi ilipoteza kodi yao, na faida ya kutuuzia sabuni ikahamia Bujumbura. Dhahabu nayo ilifuata njia hiyohiyo kwa siri, hata Burundi, nchi isiyo na migodi mikubwa, ikajulikana kwa kuuza dhahabu. Aliyeandika sheria kali Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapa, aliwatajirisha majirani.

Mwaka huohuo wa 1976, tarehe 20 Septemba, Zaire, Rwanda na Burundi zilitia saini mkataba wa Gisenyi wa kuanzisha Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, CEPGL. Kwa watu wa Kavimvira, penye kituo chetu cha mpakani, jumuiya hiyo ilikuwa karatasi: lese-pase nyepesi ya kuvukia, picha imegandishwa pembeni, mihuri ikipandana mpaka jina halisomeki. Mama aliihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki, akaifunga kwenye ncha ya kitenge pamoja na hela. Naisifu karatasi hiyo kwa moyo wote. Ilimruhusu mwanamke asiye na pasipoti avuke mchana, alipe ushuru, apewe risiti.

Lakini wakati mpaka wa bidhaa unalegezwa, mpaka wa uraia ulikuwa unakazwa. Katiba ya Kongo ya 1964 ilimtambua Mkongo kwa babu aliyekuwa wa kabila lililokuwapo kabla ya tarehe 18 Oktoba 1908. Sheria ya Januari 1972 iliwapa uraia watu wenye asili ya Ruanda-Urundi waliokuwa wamekaa Kivu kabla ya 1 Januari 1950. Sheria ya 29 Juni 1981 ikafuta hilo na kurudi nyuma hadi Agosti 1885, mwaka ambao hakuna mzee wa hapa anayeweza kuutolea cheti. Familia moja ya Banyamulenge, watu wenye asili hiyo wa milima ya Itombwe, bila kusogeza ng'ombe hata mmoja, ilikuwa raia mwaka 1972 na si raia mwaka 1981. Na sheria ya ardhi ya Julai 1973 ilikuwa imeshasema kwamba haki ya kudumu juu ya ardhi ni ya Mzairwa peke yake. Aliyenyang'anywa uraia alitikisiwa shamba pia. Nani angepanda kahawa, mti wa kungoja miaka, mahali ambapo kesho ataambiwa hapamhusu?

Mwaka 1996 tuliona matunda ya sheria hizo. Wakimbizi zaidi ya laki mbili, Warundi waliokimbia baada ya Rais Ndadaye kuuawa Oktoba 1993 na Wanyarwanda wa 1994, walikuwa kwenye kambi za eneo letu za Kagunga, Runingo, Luberizi na nyinginezo. Oktoba ile Banyamulenge waliamriwa na uongozi wa jimbo waondoke, na vita vikafika Uvira. Nilipoteza wanafunzi wa pande zote. Siwezi kuandika mengi juu ya mwezi huo.

Uraia wa jamii hizo ulirudi kwa sheria ya 12 Novemba 2004, inayotazama makabila yaliyokuwapo nchini wakati wa uhuru. Miezi mitatu tu kabla yake, usiku wa tarehe 13 Agosti, Wakongo zaidi ya 150, wengi wao Banyamulenge, waliuawa kwenye kambi ya wakimbizi ya Gatumba, ng'ambo tu ya Kavimvira.

Biashara ndogo haikungoja amani. Amri ya rais wa Kongo ya 28 Machi 2002 iliruhusu huduma nne tu mpakani: uhamiaji, forodha, ukaguzi wa bidhaa na usafi wa afya. Mama, aliyekuwa amezeeka, aliendelea kuhesabu kwa vidole meza za kutoza hela, na vidole vya mkono mmoja havikutosha. "Shefu, hii nimekwisha kulipa pale." "Mama, pale ni pale." Siku kama hizo wenzake walizunguka kwa njia za majini usiku, na serikali haikupata hata faranga.

Sasa kuna mlango mkubwa zaidi. Julai 2022 Kongo iliingia rasmi Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambako Burundi iko tangu 2007. Lakini mwaka 2021 uliwasilishwa bungeni Kinshasa mswada, maarufu kwa jina la Noël Tshiani aliyeubuni, uliotaka urais na vyeo vya juu viwe vya wenye baba na mama Wakongo tu. Wanaouunga mkono wanasema unalinda nchi. Mimi nauliza unamlinda nani dhidi ya mwanamke aliyelipa ushuru Kavimvira maisha yake yote. Wanafunzi wangu wengi wana mama kama wangu, na tarehe nyingine ikiandikwa mbali na sisi, wao ndio watakaotafutiwa babu upya.