Mdudu Aliyekuja Bila Jina

Katika msimu uliopita wa kuweka nafaka, mwanafunzi mmoja wa hapa Kasekese alituletea kiberiti chenye wadudu waliotoka katika kihenge cha baba yake. Akauliza, "Mwalimu, hawa ni fukusi?" Swali hilo lilitukumbusha hasara tuliyoipata sisi wenyewe zamani kwa kutojua kulijibu. Tena lilitukumbusha habari iliyoanzia kwa jirani zetu wa Tabora, nasi twapenda kuisimulia hapa.

Fukusi ni mwenyeji wa vihenge vyetu tangu zamani. Wazee walimjua, wakamfanyia hila: mahindi yaliwekwa pamoja na maganda yake, maana ganda lililobana vema humzuia mdudu huyu asiingie. Hila hiyo ilikuwa nzuri kabisa. Fukusi alikula fungu lake, lakini watu walifika mavuno mengine.

Basi, mwishoni mwa miaka ya 1970, watu wa mkoa wa Tabora walianza kuona jambo geni. Mtu alifungua kihenge chake akakuta magunzi yamejaa unga, na punje zimebaki maganda matupu. Hata muhogo mkavu haukusalimika. Wengine wakamwita mdudu huyo Scania, jina la lori kubwa lijulikanalo sana barabarani. Wako watu wanaolicheka jina hilo, lakini sisi twaliona kuwa ni ushahidi wa akili za wakulima: walikwisha kumtenga na fukusi kabla bingwa yeyote hajaja na kioo chake cha kukuzia. Walilolikosa ni kujua ametoka wapi, na ni kitu gani kimwuacho, kwa kuwa dawa zilizozoewa hazikumtosha.

Mwaka 1981 mabingwa wa elimu ya wadudu walimtambua. Jina lake katika vitabu ni Prostephanus truncatus, na aliyemwandika kwanza, mwaka 1878, ni George Horn wa Marekani. Kwao ni Mexico na nchi za Amerika ya Kati, ndiko yalikotoka mahindi yenyewe. Mahindi yalimtangulia mdudu huyo kufika Afrika kwa karne nyingi. Mlaji wake akayafuata nyuma, na yaaminiwa kuwa aliletwa ndani ya nafaka iliyotoka ng'ambo. Katika Kiswahili aliitwa dumuzi. Bwana R. J. Hodges na wenzake watatu, Dunstan, Magazini na Golob, walichapisha habari zake mwaka 1983, wakaonyesha kuwa katika mahindi mengine theluthi nzima ya uzito ilipotea kwa miezi michache tu.

Mtu atasema, jina la nini, na chakula kimekwisha kuliwa? Lakini alipokwisha kujulikana, ndipo mabingwa walipoweza kuchunguza desturi zake, na jambo la ajabu likaonekana: ile hila ya wazee ndiyo iliyomfaa dumuzi. Apenda punje iliyoshikwa imara katika gunzi, apate pa kukazia miguu atoboe. Punje zilizopukuchuliwa huteleza, humsumbua. Tena dawa ya unga ikinyunyizwa juu ya magunzi, haimfikii yeye aliye ndani.

Kwa hiyo wakulima walifundishwa kupukuchua mahindi kwanza, kisha kuyachanganya na dawa. Na dawa yenyewe ilibidi iwe ya namna mbili pamoja: permethrin imwuayo dumuzi lakini ni dhaifu kwa fukusi, na pirimiphos-methyl imwezayo fukusi lakini ni dhaifu kwa dumuzi. Akina mama wengi waliona neno hili la kupukuchua ni mzigo, wala hatuwalaumu. Ni kazi ya siku nyingi mikononi, na magunia yataka fedha. Tena kwa fukusi peke yake, wao ndio waliokuwa na haki.

Dumuzi hakukaa Tabora. Kabla ya miaka ya 1980 kufika kati alikuwa amekwisha kuonekana Kenya upande wa Taveta, na Togo huko magharibi. Gunia la mahindi halikuombwa cheti garini. Naye hula mbao pia, hujificha katika miti ya kihenge kitupu akingoja mavuno mapya. Hata porini, mbali na mashamba, amekutwa. Mabingwa walimleta adui yake kutoka Amerika, mdudu mwingine mdogo alaye watoto wake, akaachiwa Togo mwaka 1991 na Kenya mwaka 1992. Amesaidia mahali pengine, lakini hakummaliza.

Turudi kwenye kile kiberiti. Tuliwamwaga wadudu juu ya karatasi nyeupe, tukamwonyesha mtoto. Fukusi ana mdomo mrefu mbele kama mkonga. Dumuzi hana, kichwa chake kimeinama chini ya kifua, ukimtazama kutoka juu hukioni, na nyuma mwili wake umekatika wima kama gogo lililokatwa kwa msumeno. Wote wawili hawazidi sana urefu wa punje ya ulezi mbili. Mtoto akahesabu mwenyewe: dumuzi saba, fukusi mmoja. Akakimbia nyumbani kumwambia baba yake, na jioni ile tulisikia mahindi yakipukuchuliwa uani kwao.