Ulimi wa Bwana Kamusi Ulipogoma

Ndugu msomaji, sisi tunaojifunza kuandika tuna woga wetu wa siri. Njaa hatuiogopi sana, hiyo tumeshaizoea. Tunaogopa siku ile utakapokaa mezani, kalamu mkononi, na maneno yasije. Leo nakuletea habari za mtu ambaye maneno yalimkimbia kweli usiku mmoja, na mtu mwenyewe alikuwa mtunga kamusi!

Jina lake Samuel Johnson, Mwingereza, aliyezaliwa mwaka 1709. Kwa karibu miaka tisa alihangaika na kamusi yake ya Kiingereza, akiwa na wasaidizi wachache wa kunakili, hadi ilipotoka mwaka 1755 ikiwa na maneno zaidi ya 40,000. Tena alikuwa msemaji hasa. Watu wa London walimfuata wapate kumsikiliza tu, na wengine wakirudi nyumbani waliyaandika aliyoyasema.

Juni 16, 1783, akiwa na miaka 73, Mzee Johnson alishinda vizuri. Alikaa achorwe picha, akatembea mwendo mrefu, na jioni akajiona mwepesi hata akaanza kupanga mambo ya mbele. Usiku akalala. Mara akaamka, akaketi kitandani kama desturi yake, akahisi kichwa kimevurugika kwa kiasi cha nusu dakika hivi.

Wewe ungefanyaje? Yeye alimwomba Mungu kwamba, hata akiutesa mwili, basi amwachie akili. Na sala hiyo aliitunga kwa mashairi ya Kilatini, makusudi, aone kama akili bado inafanya kazi. Mistari ikaja bila taabu, lakini haikuwa mizuri sana. Naye akaliona hilo, ndipo moyo ukatulia: kama naweza kutambua kuwa mistari yangu ni dhaifu, basi akili ninayo! Mimi nimetunga mashairi mengi mabovu nikiwa mzima wa afya, na kwa kweli sijapata kusikia mtihani mzuri kuliko huo.

Punde akagundua kuwa hawezi kusema. Hakusikia maumivu yoyote, ila sauti haikutoka. Akanywa mvinyo kidogo, maana mvinyo una sifa ya kulegeza ndimi, kisha akajitikisa kwa nguvu. Wapi! Akarudi kitandani na, ajabu, usingizi ukampitia.

Kulipokucha akakumbuka kwamba mkono anao. Mtumishi wake akaingia huku akiongea, akakabidhiwa karatasi, akabaki ameduwaa asijue kwa nini mzee anamtaka asome badala ya kumwambia. Halafu akamwandikia jirani yake, Edmund Allen, mpiga chapa, na kuagiza waitwe madaktari wawili, Heberden na Brocklesby. Hata kuandika kwenyewe kulikuwa kwa taabu, mkono uliandika herufi zisizo. Haya yote tunayajua kwa sababu Juni 19, siku mbili tu baadaye, aliyasimulia mwenyewe katika barua kwa rafiki yake Hester Thrale.

Madaktari walimpaka dawa kali za kutoa malengelenge, mgongoni na toka sikioni hadi kooni. Ndiyo tiba ya wakati ule. Ulimi ulianza kurudi wiki hiyohiyo, akaweza kuisema Sala ya Bwana kwa sauti iliyoeleweka. Lakini hata Julai alikuwa akiongea kidogo tu anachoka. Desemba mwaka huohuo, yeye na Dakta Brocklesby wakaanzisha klabu ya mazungumzo katika baa ya Essex Head, wakikutana mara tatu kwa wiki! Alifariki Desemba 13, 1784, baada ya kuongea kwa mwaka mmoja na nusu zaidi.

Kile kilikuwa kiharusi kidogo. Mwaka 1658 daktari wa Uswisi, Johann Jakob Wepfer, alishaandika kwamba maiti za waliokufa ghafla kwa kiharusi alizikuta na damu iliyovuja ubongoni. Mwaka 1861, huko Paris, Paul Broca alionyesha ubongo wa mgonjwa aliyekuwa akitamka “tan” tu: ulikuwa umeharibika upande wa kushoto, sehemu ya mbele. Tangu 1971 kuna mashine ya kompyuta inayopiga picha ndani ya kichwa, daktari akaona kama mshipa umepasuka au umeziba. Na tangu 1996, kuanzia Marekani, ipo dawa ya kuyeyusha bonge la damu lililoziba mshipa, ila kwa kawaida itolewe kabla ya saa nne na nusu kupita tangu dalili zianze.

Saa nne na nusu, jamani! Kwetu uswahilini muda huo unaisha watu bado wanabishana ni jini gani. Baba mkubwa wangu, fundi cherehani, aliamka asubuhi moja mdomo umepinda na mkono wa kulia mlegevu. Adhuhuri mdomo ukanyooka. Nyumba nzima ikashangilia kwamba jini katoka. Shangazi peke yake ndiye aliyeng'ang'ania: “Kaka, utavaa shati twende hospitali, au nikubebe hivyohivyo?” Wakaenda. Kumbe presha ilikuwa juu, na haikuwa ya jana wala juzi. Daktari akawaambia kiharusi kinachoondoka chenyewe ni mjumbe tu, mwenye barua yuko nyuma. Akapewa vidonge vya kila siku na mazoezi ya mkono. Mazoezi mengine alijitungia mwenyewe: kutia uzi kwenye sindano, kila jioni, kibarazani. Mwanzoni uzi ulimshinda kabisa, akawa anatukana kimoyomoyo. Mwezi wa tatu akanishonea suruali. Mguu mmoja mrefu kidogo, lakini naivaa.

Basi, ndugu mwandishi mwenzangu, wewe unayetembea na kalamu mfukoni: ukimwona mtu mdomo umepinda ghafla, mkono umelegea au maneno hayaeleweki, usingoje lipite. Tafuta gari. Na kabla hamjaondoka, tazama saa, uandike ilikuwa saa ngapi alipoonekana mzima mara ya mwisho. Hilo ndilo swali la kwanza daktari atakalouliza, na mgonjwa mwenyewe huenda asiweze kulijibu.