Njia ya Bweranyange Ilipitia Rabai

Novemba 1861, wapelelezi John Hanning Speke na James Augustus Grant walipokewa Bweranyange, makao makuu ya Karagwe, na Omukama (mfalme) Rumanika. Wakati huo Karagwe na Kyerwa za leo zilikuwa chini ya ufalme mmoja, Waarabu wakifanya biashara Kafuro na misafara ikipita kuelekea Buganda. Sisi wa huku tumezoea kuanzia siku hiyo tunaposimulia ujio wa Wazungu. Naona tunachelewa kuanza. Kisa hiki kina mizizi Kisulutini, Rabai, bara ya Mombasa, nyumbani kwa mtu na mkewe ambao hawakuwahi kuiona Karagwe.

Johannes Rebmann alizaliwa mwaka 1820 Gerlingen, katika nchi ya Württemberg, Ujerumani, akatumwa na shirika la kimisionari la Kianglikana la Uingereza, CMS. Alifika Mombasa mwaka 1846 kumsaidia Ludwig Krapf, ambaye miaka miwili kabla alikuwa amemzika hapo mkewe Rosine pamoja na binti yao mchanga. Tarehe 11 Mei 1848 Rebmann aliona theluji juu ya Kilimanjaro, na mabingwa wa jiografia wa London wakambishia kwa miaka. Hayo yanajulikana. Kisichosimuliwa sana ni maisha ya nyumbani kwake.

Mwaka 1851 alimwoa Emma, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi ya misheni Cairo, wakarudi pamoja Rabai. Walijaliwa mtoto wa kiume, akafariki akiwa bado mchanga, na hawakupata mwingine. Emma hakuondoka. Aliishi huko mpaka mauti yalipomkuta mwaka 1866, akiwa amepitia homa, upweke, na uvamizi wa Wamasai uliowakimbiza hadi Unguja. Vitabu vya safari vya zama zile vimejaa milima na maziwa, naye hapewi hata ukurasa. Kwangu huo ni upungufu mkubwa, kwa sababu bila mtu wa kuishikilia nyumba ile, sidhani kama Rebmann angeweza kudumu pwani miaka 29.

Katika miaka hiyo ndipo ilipozaliwa ramani iliyobadili mambo. Mwenzake Rebmann, Jakob Erhardt, alikaa Tanga miezi kadhaa mwaka 1854 akiwahoji watu wa misafara. Wa njia ya kaskazini walimwambia kwamba mwisho wa safari yao ni maji makubwa. Wa njia ya kati wakasema vivyo hivyo, na wa Kilwa pia. Erhardt na Rebmann wakaamua kuwa maji hayo ni mamoja, wakachora ziwa moja refu mno, lililonenepa upande mmoja mfano wa konokono asiye na gamba. Walikosea: yalikuwa maziwa matatu, Nyanza, Tanganyika na Nyasa. Lakini ramani ilipochapishwa Ulaya mwaka 1856, ilizusha mjadala mkali London, na mwaka huohuo Richard Burton na Speke wakafunga safari. Januari 1857 walikwenda Kisulutini kumwomba Rebmann afuatane nao. Alikataa.

Speke aliliona ziwa Nyanza upande wa Mwanza tarehe 3 Agosti 1858. Habari za Karagwe alikuwa amezipata Kazeh, Tabora ya leo, kwa Snay bin Amir, mfanyabiashara aliyekuwa ameifahamu njia ya kaskazini kabla ya Mzungu yeyote. Tukifuatilia vizuri, ujuzi wote uliomleta Speke kwa Rumanika ulitoka vinywani mwa wapagazi na wafanyabiashara. Wamisionari waliuandika tu.

Dini yenyewe ilitufikia kwa njia nyingine. Mmisionari wa shirika la Kijerumani la Betheli, Ernst Johanssen, aliyeanza kazi Usambara mwaka 1891, alifika Bukoba mwaka 1910 na kuwakuta Wahaya waliokwisha kuipokea Injili kutoka Uganda. Dayosisi ya Karagwe ya Kanisa la Kilutheri iliundwa mwaka 1979.

Turudi Rabai. Baada ya kifo cha Emma, Rebmann alibaki Kisulutini miaka tisa, macho yakififia hadi akawa karibu kipofu. Aliyemshika mkono ni Isaac Nyondo, mwana wa Abe Ngoa, mmoja wa Wakristo wa kwanza wa Rabai. Mwaka 1875 Nyondo alisafiri naye hadi Ulaya. Rebmann alikwenda kuishi Korntal, karibu na Krapf, akaoa tena, na tarehe 4 Oktoba 1876 akafariki. Mwaka uliofuata Krapf alichapisha kamusi ya lugha ya Nyasa ambayo Rebmann alikuwa ameikusanya Mombasa na Rabai. Maneno yake yalitoka kwa Salimini, mtu aliyetekwa bara na kuuzwa pwani kama mtumwa, akakaa na Rebmann siku baada ya siku akimtajia majina ya vitu vya kwao. Jalada lina jina la Rebmann. La Salimini nalo lilistahili kuwa pale.