Ceres: Ilipotea kwa namba kufungiwa, ikaonekana kwa picha kuachwa wazi

Haya wasomaji wangu, leo tuache kidogo habari za lugha za programu, tuzungumze historia. Historia yenyewe ni ya Ceres, ile sayari kibete yenye upana wa kilomita 940 hivi inayozunguka jua kati ya Mirihi na Mshtarii. Picha za uso wake ziko kwenye ghala la wazi la NASA. Wewe uliye Kakamega au Mombasa unaweza kuzipakua bure, bila kumwomba mtu ruhusa. Watu wengi hudhani ni ukarimu tu wa Wamarekani. Mimi nasema hapana, hali hii ilikuja baada ya watu kupoteza vitu, na cha kwanza kupotea kilikuwa Ceres yenyewe.

Tarehe 1 Januari 1801, kule Palermo katika kisiwa cha Sicily, padre mmoja mwanaastronomia, Giuseppe Piazzi, alikuwa akitengeneza orodha ya nyota. Akaona kinyota ambacho hakikuwemo. Usiku uliofuata kikawa kimesogea. Akakifuata hadi 11 Februari, kisha akaugua. Aliwaandikia wenzake barua mwezi wa Januari, lakini vipimo vyake kamili akavikalia. Alitaka kukokotoa njia ya hicho kitu mwenyewe kwanza, sifa zisiende kwingine. Kufikia wakati wanaastronomia wa Ujerumani wanapata habari za maana, Ceres ilikuwa imeingia kwenye mwanga wa jua na haionekani tena. Watu walinung'unika sana, na haki yao.

Vipimo vyote vilichapishwa Septemba 1801 katika jarida la Franz Xaver von Zach. Hapo ndipo kijana mmoja wa miaka 24, Carl Friedrich Gauss, alipozichukua zile namba akakaa chini kuzifanyia hesabu. Kumbuka Piazzi alikuwa ameona kipande kidogo mno cha njia ya Ceres, siku 41 tu. Gauss akasema itafuteni mahali fulani. Von Zach akaithibitisha tarehe 31 Desemba 1801, Olbers naye akaiona siku iliyofuata, karibu kabisa na pale Gauss alipoonyesha. Sisi watu wa kompyuta tunapaswa kuipenda hadithi hii. Gauss hakuwa na darubini nzuri kuliko wengine. Alikuwa na data, basi.

Baada ya hapo Ceres ikaitwa sayari, ikashushwa ikawa asteroidi, na mwaka 2006 ikapewa jina la sayari kibete pamoja na Pluto. Ubishi wa majina sitauingilia.

Sasa turuke hadi zama za vyombo vya angani. Mwaka 1966 na 1967 Marekani ilituma vyombo vitano vya Lunar Orbiter kupiga picha za mwezi. Picha zikarekodiwa kwenye kanda za sumaku. Miaka ikapita, mashine za kuzisoma kanda hizo zikaacha kutengenezwa, na kanda zikabaki kama kufuli lisilo na ufunguo. Mama mmoja mtunza kumbukumbu wa NASA, Nancy Evans, alikataa zitupwe. Mashine zenyewe, kubwa kama friji, zilikaa kwenye gereji ya nyumba yake kwa miaka mingi! Mwaka 2008 wahandisi walizifufua ndani ya jengo lililokuwa zamani hoteli ya McDonald's, katika kituo cha NASA Ames huko California, wakaitoa tena picha ya dunia ikichomoza nyuma ya mwezi, iliyopigwa 23 Agosti 1966.

Huyo huyo Evans alikuwa miongoni mwa walioanzisha Planetary Data System, ghala lililoundwa mwishoni mwa miaka ya 1980 ili jambo kama hilo lisirudiwe. Sheria yake kuu naipenda kuliko hata picha zenyewe: kila faili lazima lijieleze. Kila picha huja na lebo ya maandishi ya kawaida, inayosema ina mistari mingapi, kila mstari una pikseli ngapi, kila pikseli ina biti ngapi. Programu iliyotumika kulitengeneza inaweza kufa kesho, na faili bado litasomeka. Linganisha na yale madokezo yako ya chuo uliyoyaandika kwa programu ambayo siku hizi hata haifunguki.

Chombo cha Dawn kiliondoka duniani 27 Septemba 2007. Kikaizunguka Vesta kuanzia 2011 hadi 2012, halafu kwa injini zake za ioni kikaondoka tena na kufika Ceres tarehe 6 Machi 2015. Hakuna chombo kingine kilichokuwa kimewahi kuzunguka miili miwili ya mbali namna hiyo. Kamera yake ilitengenezwa Ujerumani, chini ya taasisi ya Max Planck: pikseli 1024 kwa 1024, na vichujio vinane, kimoja cheupe na saba vya rangi. Simu yako ina pikseli nyingi zaidi, lakini haijaenda popote.

Kabla hata ya kufika, Februari 2015, picha zilionyesha madoa mawili yanayong'aa ndani ya shimo moja kubwa lenye upana wa kilomita 92. Dunia nzima ikaanza kubahatisha. Barafu? Volkeno? Wengine wakasema taa za mji. Shimo likaitwa Occator, kwa jina la mungu wa Kirumi wa kulainisha shamba baada ya kulima. Mashimo ya Ceres hupewa majina ya miungu ya kilimo kutoka kila pembe ya dunia, na Afrika imo: lipo Dantu, jina kutoka kwa Waga wa Ghana.

Jibu lilipatikana 2016. Kinachong'aa Occator kwa sehemu kubwa ni kaboneti ya sodiamu. Kwa Kiswahili hiyo haihitaji kamusi: ni ukoo wa magadi! Yale yanayovunwa Ziwa Magadi kule Kajiado, yale anayotia nyanya yako kwenye mboga za kienyeji zilainike. Na kama kule Kajiado, maji ya chumvi yalipanda kutoka chini, maji yakaenda zake, chumvi ikabaki.

Wapo waliolalamika kwamba picha za Dawn zilichelewa. Kweli, wenye kamera walikaa nazo kwanza, wakatoa chache kwa magazeti, na zingine zikafika ghalani baadaye. Mimi siwalaumu sana. Mtu aliyejenga kamera ana haki ya kuangalia kwanza, ilimradi haki hiyo iwe na mwisho ulioandikwa. Piazzi hakuwa na tarehe ya mwisho, hapo ndipo tofauti ilipo.

Ukitaka kujaribu, jina la faili lenyewe lina habari: kamera, kiwango cha usafishaji, namba ya picha, saa ya kupigwa, na kichujio. F1 ni kile cheupe. Programu yangu ya kuzisoma kwa Python haifiki mistari 30, na nusu yake ni ya kusoma lebo. Soma lebo, ruka hadi data inapoanza, panga namba katika mistari 1024, basi uso wa Ceres huo hapo. Anza na zile za kutoka kilomita 385 juu, ambapo pikseli moja ni mita 35 hivi. Ukishazizoea, nenda kwa zile za kuanzia Juni 2018, Dawn iliposhuka hadi kilomita 35 tu juu ya Occator. Haidrazini iliisha miezi michache baadaye, na safari ikatangazwa kumalizika 1 Novemba 2018. Mwaka 2020 watafiti walitumia data hizo za mwisho kuonyesha kwamba chini ya Occator bado kuna maji ya chumvi. Faili ni zile zile utakazopakua wewe.