Kaya ya mfinyanzi wa Wakisi

Kaya ya mfinyanzi wa Wakisi ni familia iliyoishi, tangu kabla ya ukoloni, kwa kufinyanga vyungu katika mwambao wa kaskazini mashariki wa Ziwa Nyasa nchini Tanzania. Vijiji vya Wakisi vimo katika wilaya za Kyela (Mkoa wa Mbeya) na Ludewa (Mkoa wa Njombe). Kusini yake mwambao huohuo unaendelea hadi Mbamba Bay, katika wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka wilaya ya Mbinga mwaka 2012.

Milima ya Livingstone hushuka hapo hadi karibu na maji, hivyo ardhi ya kulima ni finyu na yenye mawe. Kwa sababu hiyo ufinyanzi haukuwa kazi ya kujazia muda: ulikuwa shamba la pili la familia, na pengine la kwanza.

Mgawanyo wa kazi

Fundi wa kaya ni mama. Katika vijiji vya Uskoti vya karne ya 19, kwa mfano, mfumaji wa nguo kwa kawaida alikuwa baba, na mkewe na watoto walimsaidia kuandaa nyuzi. Kwa Wakisi mambo yalikuwa kinyume. Wanawake ndio wanaofinyanga, na binti hujifunza kwa kukaa kando ya mama au bibi yake.

Udongo huchimbwa, huondolewa vijiwe na kukandwa mpaka uwe laini. Chungu huumbwa kwa mikono, hukaushwa na kusuguliwa ili king'ae, ndipo huchomwa mahali pa wazi kwa nyasi na kuni. Hatua ya kukausha haifai kuharakishwa, maana unyevu uliobaki ndani hupasua chungu motoni, na kazi ya siku kadhaa hupotea.

Wanaume ni wavuvi na wapiga makasia. Wao hupakia vyungu kwenye mitumbwi na kuvipeleka sokoni, kwa uangalifu mkubwa, kwani hapo mawimbi ni hasara ya nyumba nzima. Zamani vyungu vilibadilishwa kwa chakula, hasa na Wanyakyusa, wenye ardhi yenye rutuba na migomba mingi. Kwa hiyo mikono ya mama ndiyo iliyoleta ndizi na nafaka nyumbani, ingawa aliyeonekana akirudi nazo ni baba.

Mabadiliko

Utawala wa Wajerumani ulianza kutoza kodi ya kibanda mwaka 1898, na fedha zikawa hitaji la kila kaya katika koloni. Baadaye sufuria na ndoo za plastiki zilipunguza matumizi ya chungu na mtungi. Hata hivyo ufinyanzi haujakoma. Kijiji cha Ikombe bado kinajulikana kwa kazi hiyo, na vyungu vyake hufika kwa mtumbwi kwenye soko la Lyulilo, karibu na Matema, ambako wachuuzi huvinunua na kuvisafirisha hadi Mbeya na kwingineko.