Viashiria vya damu katika kiharusi
Ni vipimo vya damu vinavyosaidia kukadiria kama mgonjwa wa kiharusi atapona, atabaki na ulemavu au atafariki. Dar es Salaam inavihitaji mno: utafiti wa 2003–2006 ulikuta visa vipya 316 hivi kwa watu 100,000 kwa mwaka baada ya kusawazisha umri, karibu mara tatu ya Hai, Kilimanjaro. Kwa hospitali ya rufaa ya mkoa kama Mwananyamala, kipimo chenye manufaa zaidi ni sukari, tone tu la kidoleni. Ikipanda wakati wa kulazwa, hatari ya kifo huongezeka hata kwa asiye na kisukari. Troponini, kipimo kingine cha damu, hufichua moyo ulioumia. Hata hivyo, umri na ukali wa kiharusi hutabiri zaidi, na aina yake huthibitishwa kwa picha ya CT.